«Introuvable»: Usitafute Faili, Tafuta Kifurushi Chake



Kila mwaka, wakati wa kuweka TFC na mémoire unapokaribia, simu yangu inajaa picha za aina moja. Ni picha ya ekrani ya mashini: kidirisha kidogo, msalaba mwekundu, na maneno ya Kifaransa yanayosema kama faili fulani iko «introuvable». Jina la ile faili linaishia na .dll. Chini ya picha, mwenye mashini anaandika: «Mukubwa, programu inakatala kufunguka. Nifanye nini?»

Mi natengeneza mashini za watu na nafundisha namna ya kuzitumia. Kile nimeona ni hiki: mara mingi si ile faili inayoharibu kazi ya mtu. Ni kile mtu anafanya kisha kuona kile kidirisha. Mmoja anaenda kushusha faili pahali popote kwenye intaneti, na kumbe ameleta virusi. Mwingine anapeleka mashini kwa fundi, fundi anaformate, na kazi ya mwaka muzima inapotea. Njo maana leo nataka tuelewane polepole: ile faili ni nini, inakosekana juu ya nini, na namna ya kuirudisha bila kupoteza kitu.

Faili ya .dll ni nini?

Fikiri parseli moja yenye nyumba tano. Kila nyumba iko na sufuria zake na mbabula yake, lakini kinu na mchi ni kimoja kwa wote, kinakaa katikati ya parseli. Kila mama anakuja kutwanga sombe pale. Hakuna haja kila nyumba inunue kinu chake.

Windows inafanya vilevile. Kuko kazi ambazo kila programu inahitaji: kuhesabu, kufungua dirisha, kuchora picha, kusoma faili. Badala ya kila programu kubeba vyombo vyake vyote, vingine vinawekwa pamoja, na programu zote zinavitumia. Zile faili za .dll njo kile kinu cha parseli. Programu mpya inapofika, inategemea kukuta kinu pale. Isipokikuta, inasimama na kulalamika.

Sasa shika neno hili, juu yote mengine inatoka pale: faili ya .dll mara mingi haitembei peke yake. Inakuja ndani ya kifurushi, pamoja na wenzake. Ukiona moja inakosekana, ujue mara mingi ni kifurushi kizima njo hakiko. Ukileta moja, kesho mashini itakuomba ya pili, kesho kutwa ya tatu.

Juu ya nini inakosekana kwetu?

Sababu ziko nyingi, lakini kwetu huku narudi kuona zile zile.

Ya kwanza: mtu amekopi programu badala ya kuiinstale. Anaenda kwa rafiki yake, anachukua dosie nzima ndani ya «Program Files», anaitia kwenye flashi, anaibandika kwenye mashini yake. Dosie inakuja, lakini kifurushi kinachobaki ndani ya Windows ya rafiki hakikuja. Umehama na sufuria, kinu kimebaki katika parseli ya zamani.

Ya pili: mtu amekopi setup.exe peke yake. Programu mingi zinakuja na dosie yenye faili mingi pembeni ya setup, zingine zinaishia na .cab ao .msi. Ile setup ni mlango tu, mizigo iko pembeni. Ukibeba mlango na kuacha mizigo, instalasio itasimama katikati na kuuliza faili ambayo haiko.

Ya tatu: umeme umekatika wakati Windows ilikuwa inajitengeneza, ao mega zimeisha kabla ya faili kushuka yote. Faili iko, lakini ni nusu.

Ya ine: antivirusi imeichukua. Hii inatokea sana kwa zile programu za kuvunja kufuli, zile watu wanaita «crack». Antivirusi inaona faili imechezewa, inaifungia. Mwenye mashini anaona «introuvable» na hajui kama askari wake mwenyewe njo ameikamata.

Ya tano: Windows yenyewe ilipunguzwa. Kuko Windows za «lite» zinazotembea kwenye flashi za mafundi. Mtu fulani alikata vipande ili iwe nyepesi. Inawaka mbio kabisa, lakini siku unahitaji kile kipande alichokata, utakitafuta bure.

Soma jina, jina linasema

Watu wengi wanasoma «introuvable» na wanafunga. Usifunge. Andika jina la faili kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na namba zake. Lile jina linakupeleka kwa kifurushi. Hizi njo zile nakutana nazo sana:

– VCRUNTIME140.dll, VCRUNTIME140_1.dll ao MSVCP140.dll: kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Visual C++ Redistributable, kile cha 2015 mpaka 2022. Kifurushi kimoja kinatosha kwa ile miaka yote. Kama ni ile ya _1 tu inakosekana, maana yake uko na kifurushi cha zamani, leta kipya.

– MSVCR120.dll ao MSVCP120.dll: Visual C++ ya 2013. Namba 110 ni ya 2012. Namba 100 ni ya 2010. Angalia vizuri: kipya hakichukue nafasi ya hizi za zamani. Mashini moja inaweza kuwa na ya 2010, ya 2012, ya 2013 na ile mpya, zote pamoja, na ni sawa kabisa. Usizifute kwa kufikiri zinajaza nafasi bure.

– d3dx9_43.dll na ndugu zake wanaoanza na d3dx9: kifurushi cha DirectX cha Juni 2010. Hata kama mashini yako iko na Windows 10, ile ya zamani haiko ndani, inabidi kuiongeza.

– api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll: kwa Windows 10 na 11 inakuja na Windows yenyewe. Inakosekana zaidi kwa Windows 7, na dawa yake ni nyongeza ya Microsoft yenye namba KB2999226. Windows 7 iwe kwanza na Service Pack 1, bila hiyo nyongeza itakatala kuingia.

Vifurushi hivi ni vya bure. Vinatoka kwa Microsoft wenyewe. Ile Visual C++ mpya iko na faili mbili: vc_redist.x86.exe na vc_redist.x64.exe, na kila moja haifiki mega 30. Watu wananiuliza: nichukue gani? Kama Windows yako ni ya biti 64, na mashini mingi za leo ziko hivyo, weka zote mbili. Ile ya x86 si ya mashini za zamani tu. Ni ya programu za biti 32, na hizo bado ziko mingi ndani ya mashini mpya.

Kisha kuweka kifurushi, zima mashini na uiwashe tena, halafu jaribu programu yako. Mara mingi shida inaishia pale, na dakika kumi hazijapita.

Njia tatu za kuepuka

Ya kwanza ni zile pahali pa kushusha .dll moja-moja. Ukiandika jina la faili kwenye intaneti, mara mingi njo zinatokea mbele kabisa, na kitufe kikubwa cha kushusha. Shida yao iko mbili. Hujui ni nani ameiweka ile faili na ametia nini ndani. Na hata kama ni safi, inaweza kuwa si ya aina yako.

Hapa nieleze kidogo. Kwa Windows ya biti 64, kuko dosie mbili. Faili za biti 64 zinakaa ndani ya System32, na zile za biti 32 zinakaa ndani ya SysWOW64. Ndiyo, majina yako kinyume, lakini njo hivyo. Mtu anachukua faili ya biti 64 anaitia pahali pa ile ya 32, na sasa ile «introuvable» imeisha, lakini inakuja namba mpya: 0xc000007b. Anafikiri ni ugonjwa mwingine. Hapana, ni ule ule, ameuongezea tu. Ukiona ile namba, toa faili uliyobandika kwa mkono, na uweke kifurushi cha kweli, cha x86 na cha x64.

Njia ya pili ni kuzima antivirusi juu mtu amekuambia «zima tu, itaingia». Badala ya kuizima, iulize. Fungua «Sécurité Windows», ingia kwa «Historique de protection», uone kama kuko faili imefungiwa na inaitwa namna gani. Kama ni programu safi uliyoishusha kwa wenyewe, unaweza kuirudisha. Kama ni ya kuvunja kufuli, hapo uko na jibu. Na kwa kazi za masomo kuko za bure: PSPP kwa takwimu, QGIS kwa karte, LibreOffice kwa kuandika. Hakuna kufuli ya kuvunja pale.

Njia ya tatu ni kuformate. Hii njo inaniumiza zaidi. Dada mmoja mdogo wetu wa kilimo alikuwa na majibu ya wakulima aliyokusanya miezi mitatu akitembea vijijini. Yote ilikuwa ndani ya mashini moja, bila kopi. Programu ya karte ikakatala, ikisema VCRUNTIME140_1.dll haiko. Fundi mmoja wa mjini alimwambia Windows imekufa, alete dola na mashini, wataformate. Alinipigia simu akiwa tayari njiani. Nilimuomba asimame kwanza. Tukaweka faili moja ya mega zisizofika 30, tukazima na kuwasha. Karte ikafunguka. Ile Windows haikuwa imekufa, ilikuwa inaomba kitu kimoja, na ilikuwa imekitaja kwa jina.

Kuformate si dhambi. Kuko siku ni dawa. Lakini ni dawa ya mwisho, na mtu asikubali mpaka kazi zake ziko pahali pengine pawili: kwa flashi na kwa mashini ya ndugu, ao kwa disiki ya nje na kwa barua pepe yake. Fundi akikuambia «usiogope, sitagusa», muombe angoje, ufanye kopi yako mwenyewe.

Wakati programu inaomba .NET 3.5

Programu za zamani za comptabilité na za gestion zinapenda kuomba kitu kinaitwa .NET Framework 3.5. Windows 10 inakuja bila kuiwasha. Ukikubali kuiweka, Windows inaenda kuitafuta kwenye intaneti, na kama koneksio ni mbaya, inarudi na 0x800F0906 ao 0x800F081F. Ya kwanza inasema imeshindwa kushusha. Ya pili inasema haikupata pahali pa kuchukulia.

Lakini ile .NET iko tayari ndani ya flashi ao faili ya ISO iliyotumika kuweka Windows, katika dosie ya sources\sxs. Chomeka ile flashi, ao bonyeza mara mbili juu ya ISO ili ifunguke kama disiki. Angalia imepewa herufi gani, tuseme D. Kisha fungua «Invite de commandes» kwa kubonyeza kulia na kuchagua «Exécuter en tant qu'administrateur», na uandike:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Lile neno la mwisho linaiambia Windows isiende kwenye intaneti. Hakuna mega inatoka. ISO iwe ya toleo lile lile la Windows yako, bila hivyo itarudi na 0x800F081F tena.

Wakati ni faili za Windows yenyewe

Kama si programu moja inalia, ni tatu ao ine, na hata vitu vya Windows vinakatala kufunguka, hapo pengine ni Windows imeharibika ndani, zaidi kama umeme ulikatika wakati wa kujitengeneza. Jaza betri kwanza, juu kazi hii haipendi kukatizwa. Fungua ile «Invite de commandes» kama administrateur, uandike:

sfc /scannow

Itaangalia faili za Windows moja kwa moja. Mwisho inatoa jibu moja kati ya haya: hakuna kilichoharibika, kuko kilichoharibika na kimetengenezwa, ao kuko kilichoharibika na imeshindwa kukitengeneza. Ukipata jibu la tatu, ni kwamba ghala ambayo sfc inachukulia faili safi nayo iko na tundu. Tengeneza ghala kwanza:

dism /online /cleanup-image /restorehealth

Halafu rudia sfc. Kama uko na mega mingi, unaweza kuanza na dism moja kwa moja. Kama mega ni kidogo, ujue kama dism inashusha kwenye intaneti. Uko na ISO? Mwambie achukulie pale:

dism /online /cleanup-image /restorehealth /source:wim:D:\sources\install.wim:1 /limitaccess

Ile 1 ya mwisho ni namba ya aina ya Windows ndani ya ISO, na inaweza kuwa nyingine kwako. Kuiona, andika dism /get-wiminfo /wimfile:D:\sources\install.wim, itakupa orodha: Home, Pro na zingine. Kama ndani ya dosie hakuna install.wim na kuko install.esd, badilisha wim kuwa esd pale pote.

Wakati jibu ni hapana

Kuko siku hakuna kifurushi. Mwanafunzi wa informatique yuko na Windows 7, anashusha Python mpya, na anaambiwa api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haiko. Anaitafuta wiki nzima. Haitapatikana, juu ile faili haikuwa kamwe ndani ya Windows 7. Python kuanzia 3.9 iliacha ile Windows. Anayebaki nayo achukue Python 3.8, ya mwisho inayoikubali, ao abadilishe Windows kama mashini inaweza kubeba.

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini haizimiki siku ile, inaendelea kufanya kazi, lakini programu mpya zitaanza moja-moja kusema hapana. Ukikutana na hiyo hapana, tafuta toleo la zamani la programu kwa wenyewe walioitengeneza. Ni afadhali toleo la zamani linalofungua kuliko jipya linalokuonyesha msalaba.

Flashi moja kwa kikundi kizima

Sasa kwa sisi wote. Mega ni bei, na hakuna sababu watu ishirini washushe kitu kimoja mara ishirini. Mmoja ashushe, wengine wakopi. Tieni ndani ya dosie moja: vc_redist zote mbili mpya, Visual C++ za 2010, 2012 na 2013 (x86 na x64), DirectX ya Juni 2010 ile nzima, KB2999226 kwa wenye Windows 7, na ISO ya Windows ile wengi wenu wanatumia.

Lakini flashi inayotembea inabeba pia magonjwa. Kabla ya kuinstale chochote, bonyeza kulia juu ya faili, «Propriétés», kisha «Signatures numériques». Kwa vc_redist na DirectX lazima usome Microsoft Corporation. Kama ile sehemu haiko kabisa, ama jina ni lingine, usiifungue, hata kama amekupa rafiki yako wa karibu. Yeye pia labda hakujua.

Na mtu akikuandikia usiku kama mashini yake inakatala, kabla ya dawa yoyote muulize maulizo mawili: «Kazi yako iko na kopi pahali pengine?» na «Jina la faili ni gani, na namba zake?» La kwanza linalinda mémoire. La pili linakupeleka kwa kifurushi.